Kiuno, Choo na Haya Zetu: Uzito wa Mwili na Saratani ya Utumbo Mpana



Leo tunaomba mtuvumilie kidogo, maana tunataka kuzungumza mambo mawili ambayo wanawake wa visiwani hatuyazungumzi vizuri. La kwanza ni uzito wetu. Hilo tunalisema kila siku, lakini kwa utani, kwa sifa au kwa kejeli. La pili ni choo. Hilo hatulisemi kabisa, hata kwa mama aliyetuzaa. Na kati ya mambo hayo mawili kuna ugonjwa unaoitwa saratani ya utumbo mpana, ambao kwetu uliingia bila hodi.

Sisi tunaoandika hapa ni ndugu watatu wa tumbo moja, wanawake watupu. Mama yetu aligunduliwa na saratani hii akiwa na miaka 57. Alhamdulillah, yupo. Amepasuliwa, amemaliza dawa, na miadi yake ya hospitali anaifuata. Ni yeye aliyetuambia tuandike. "Semeni," alituambia, "lakini jina langu liwacheni." Basi jina tumeliwacha, na haya mengine tunayasema kwa idhini yake.

Unene kama cheti cha afya

Kwetu mwanamke akiolewa akabaki mwembamba, maneno huanza. Huli? Mume hakutunzi? Mawifi wanakutesa? Akinenepa, huambiwa amependeza, ameng'aa, ndoa imemkubali. Akijifungua, siku arobaini ni za kulishwa: uji wa pilipili manga, supu, mkate wa kumimina, na anayekuja kumtazama mzazi huja na kipolo chake. Hayo ni mapenzi, na hatutaki kuyadharau. Tumelelewa nayo.

Halafu zikaja zile zama ambazo mtu akipungua tu, watu hunong'ona kwamba ana maradhi makubwa. Tangu hapo unene umekuwa kama cheti: aliyenenepa ni mzima, aliyekonda ana lake.

Mama yetu alikuwa mwanamke mnene tangu sisi wadogo, na alipendwa hivyo. Miaka miwili kabla ya kugunduliwa alianza kupungua. Alipofika kwenye harusi moja ya jamaa, wenzake walimzunguka: MashaAllah, umepungua, unakula nini, tupe na sisi hiyo siri! Mama akacheka, akasema anakunywa maji ya ndimu. Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa anaona damu chooni. Alikuwa anachoka hata kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amekwenda duka la dawa akanunua mafuta ya bawasiri, akayapaka, akanyamaza. Baadaye tulipomuuliza kwa nini hakumwambia mtu, alitujibu neno moja: "Ningeanzaje?"

Dada zetu, tumelifikiria sana neno hilo. Mwanamke aliyezaa watoto watatu, aliyeosha maiti za wanawake wenziwe, aliyefundisha mabinti mambo ya unyago, hakuwa na neno la kuanzia kusema kwamba anatoka damu kwenye haja kubwa.

Uzito unahusika vipi?

Daktari alipotueleza kwamba unene ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani hii, tulishtuka. Kisukari tulikijua. Presha tuliijua. Lakini mafuta ya mwili na saratani ya utumbo?

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani walikaa wakapitia tafiti nyingi, wakasema kwamba kuepuka mafuta ya ziada mwilini kunapunguza hatari ya aina 13 za saratani. Utumbo mpana umo. Saratani ya matiti baada ya kukoma hedhi imo, na ya mji wa mimba imo.

Sababu zenyewe ziko hivi. Mafuta tunayoyabeba, hasa yale yanayojificha ndani ya tumbo yakazunguka maini na utumbo, hayakai kimya kama mzigo kwenye gunia. Yanafanya kazi. Yanatoa kemikali zinazoufanya mwili uwe kama unapambana kila siku na kidonda kisichopona. Pia yanaufanya mwili usisikie vizuri insulini, hivyo kongosho inatoa insulini nyingi zaidi, na insulini nyingi inaziambia seli zikue na zigawanyike. Seli za ukuta wa utumbo zenyewe kwa kawaida hubadilika upesi sana, za zamani zinakufa na mpya zinazaliwa. Ukiziongezea kichocheo, nafasi ya moja kwenda kombo inaongezeka.

Saratani nyingi za utumbo mpana huanza na kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani. Vinyama vingi havina madhara. Vichache, baada ya miaka kama 10 au zaidi, vinageuka saratani. Hapo ndipo rehema ya Mwenyezi Mungu ilipo: muda upo. Kijinyama kikionekana mapema kinaondolewa, na saratani hiyo haizaliwi.

Sasa tuseme ukweli kwa kiasi chake, tusitishane. Mtu mwenye unene uliokithiri ana hatari kubwa zaidi kwa asilimia 30 hivi kuliko mwenye uzito wa kawaida. Maana yake si kwamba watu 30 kati ya 100 wataugua. Marekani, ambako ugonjwa huu ni mwingi, wanawake kama 4 kati ya 100 huupata katika maisha yao. Ukiongeza asilimia 30 juu ya hao 4, unapata 5 na kitu. Kwa mtu mmoja ni tofauti ndogo. Kwa mji mzima ni mama wengi. Na kwa wanaume unene unaongeza hatari zaidi kuliko kwetu wanawake, kwa hiyo mtu na aende akamwambie na mumewe.

Kuna utafiti mmoja ulitugusa zaidi kwa sababu ya umri wetu. Uliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 85,000 wa Marekani, ukachapishwa mwaka 2019. Waliokuwa na unene uliokithiri walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kupata saratani hii kabla ya miaka 50. Wagonjwa wa umri huo bado ni wachache, lakini katika nchi kadhaa wanaongezeka, na Marekani mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza kupima kutoka miaka 50 hadi 45.

Na wewe uliye mwembamba usitucheke. Yule muigizaji wa *Black Panther*, Chadwick Boseman, hakuwa mnene. Aligunduliwa mwaka 2016, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Uzito ni mlango mmoja tu. Kuna umri, kuna damu ya ukoo, kuna sigara, kuna pombe, kuna kukaa kitako mchana kutwa, na kuna chakula.

Sinia halina kipimo

Tukija kwenye chakula, kuna kisa cha hapa hapa Afrika Mashariki ambacho hatukukijua. Daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960. Aliona kwamba maradhi ya utumbo aliyoyazoea kwao, ikiwemo saratani hii, aliyaona kwa nadra sana kwa watu wa vijijini. Aliwaangalia wanakula nini: nafaka zisizokobolewa, maharage, mizizi, majani. Mwaka 1971 aliandika kwamba nyuzinyuzi za chakula ndizo zenye siri. Hakupata kila kitu sawa, lakini tafiti zilizokuja baadaye zimeunga mkono kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata saratani hii kwa uchache zaidi.

Mwaka 2015 wanasayansi wakafanya jambo jingine. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Waafrika Kusini wakala cha Kimarekani, nyama na mafuta kwa wingi. Wiki mbili tu! Utumbo wa Wamarekani ukaonyesha dalili za kutulia, na wa Waafrika Kusini ukaonyesha dalili za kuwaka. Ndani ya utumbo kuna bakteria wema wanaokula hizo nyuzinyuzi na kutengeneza kitu kinacholisha na kulinda ukuta wake. Ukiwanyima, wanabaki na njaa, na utumbo unabaki bila mlinzi.

Basi tukalitazama sinia letu. Bibi yetu alikula muhogo, majimbi, viazi vikuu, kunde, mtoriro, kisamvu, na samaki. Wali ulikuwa wa Ijumaa na wa wageni. Sisi wali ni wa kila siku, mweupe kama pamba. Asubuhi boflo na chai ya sukari vijiko vitatu. Mchana wali. Usiku chapati, au chipsi na soseji za dukani kwa sababu watoto wanazitaka. Na zile soseji, tangu Oktoba 2015 nyama zilizosindikwa zimewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani: gramu 50 kila siku, yaani kama soseji moja, zinaongeza hatari kwa asilimia 18.

Pia sinia halina kipimo. Mkila wanne kwa mkono, ukizungumza, mama akikusogezea mapande ya samaki, hujui umekula kiasi gani mpaka unyanyuke. Na Ramadhani ndiyo usiseme. Mwezi wa kupunguza, sisi tunatoka nao tumeongezeka: sambusa, kachori, kaimati, tambi za nazi, juisi, kisha daku. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba tumbo, ikiwa hapana budi kulijaza, lina mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Mwanamke anayeona taabu kurukuu baada ya futari anajua fungu la tatu limechukuliwa na nani.

Futi ya fundi

Mama alipomaliza kupasuliwa, daktari alituita sisi watatu akatueleza kwamba mtoto wa mgonjwa ana hatari karibu mara mbili ya mtu mwingine. Akasema tusingoje miaka 45. Mtoto wa aliyeugua kabla ya miaka 60 aanze kupimwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi wake aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 41.

Kabla ya safari tulifanya jambo dogo nyumbani. Tulichukua futi ya fundi cherahani, tukafunga mlango, tukapimana viuno. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya maradhi inaanza kupanda, na kikipita 88 imepanda sana. Tulipata 97, 91 na 78. Nani ni nani hatusemi. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana kanga na dera vinasitiri mengi na hatukuwahi kujua namba zetu.

Kipimo chenyewe kinaitwa kolonoskopi. Siku ya kabla yake unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na usiku ule choo unakifanya nyumba. Tuliandamana wote watatu Dar es Salaam, na pesa za mchezo wa mwezi ule ndizo zilizokwenda huko. Ndugu yetu alipewa dawa ya usingizi, akasitiriwa kwa shuka, na daktari aliyeingiza kamera alikuwa mwanamke, kwa sababu tuliomba. Kuomba kunaruhusiwa, dada zetu. Ulizeni.

Walikuta kijinyama kimoja. Kidogo, kama punje ya kunde. Wakakiondoa palepale, kikapelekwa maabara, jibu likarudi kwamba si saratani bado. Lile neno "bado" tumelishika mpaka leo. Atarudi baada ya miaka mitano, na sisi wengine wawili tunazihesabu siku zetu kufika 40.

Tangu hapo tumebadilika, si kwa vishindo. Baada ya sala ya Alfajiri tunatembea Maisara, nusu saa, siku tano kwa wiki. Zinatimia zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja. Sinia tumelibakisha, ila wali umepungua na kunde, choroko na mchicha vimeongezeka. Muhogo wa kuchemsha umerudi asubuhi. Soda imebaki ya sikukuu. Baada ya miezi minane, 97 imekuwa 92 na 91 imekuwa 88. Mwenye 78 yuko palepale, na anatembea kama sisi, kwa sababu mazoezi yanaulinda utumbo hata wa mtu mwembamba.

Dalili za kuzizungumza

Tunaziandika hapa ili mwenye kusoma asipate tabu ya kuanza:

Damu kwenye choo, nyekundu au nyeusi, hata kama unaamini ni bawasiri. Bawasiri ni kweli zipo na ndizo nyingi, lakini anayejua tofauti ni aliyekupima, siye aliyekuuzia mafuta.

Choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa: kufunga, kuharisha, au kuhisi bado unataka na hali umeshamaliza.

Maumivu ya tumbo yasiyokwisha.

Uchovu na upungufu wa damu usio na maelezo, hasa kwa aliyekwisha koma hedhi. Damu inapungua na hedhi hakuna, basi inakwenda wapi?

Kukonda bila ya kukusudia. Hili tunalirudia kwa ajili ya harusi zetu. Ukimwona mwenzio amepungua, kabla ya kumpongeza muulize kwa upole: umekusudia? Mwanamke mnene akikonda bila sababu, hiyo si zawadi. Ni barua, na inatakiwa isomwe.

Uingereza watu hutumiwa nyumbani kwa posta kipimo kidogo cha kutafuta damu isiyoonekana kwenye choo. Kwetu hakuna wa kukutumia posta, kwa hiyo mguu wako ndio posta. Nenda kituo cha afya, sema, na ukiambiwa ni bawasiri bila kupimwa, uliza tena, au nenda kwingine.

Haya na amana

Tumefundishwa haya, na haya ni katika imani. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Waliuliza kuhusu hedhi na janaba mbele ya Mtume. Kama waliweza kuuliza ili sala zao zitimie, sisi tushindwe kuuliza ili mwili unaosali upone?

Na kwa upande wa uzito, tunaomba jambo moja. Tusiugeuze mjadala huu kuwa fimbo. Mwanamke mnene hakutenda dhambi. Wengine ni damu ya ukoo, wengine ni dawa wanazotumia, wengine ni uzazi, wengine ni huzuni ambayo chakula ndicho kilichoipokea. Kumwita mtu bonge barabarani hakujampunguza mtu hata kilo moja. Kunamfanya aogope kutoka kutembea na aogope kuvua nguo mbele ya daktari. Tumeyasikia haya kwa mama yetu. Alituambia kilichomchelewesha hospitali si haya ya damu peke yake, ni haya ya kupandishwa kitandani na uzito wake, watu wakimtazama.

Mwili ni amana. Amana haipimwi kwa sifa za watu wala kwa dhihaka zao. Usiku wa leo, funga mlango, chukua futi ya fundi, pima kiuno chako kwenye usawa wa kitovu, andika namba. Kesho mpigie mama yako, au shangazi, au khalati, umuulize swali ambalo hujawahi kumuuliza: "Mama, choo chako kikoje?" Atacheka. Huenda akakukemea. Lakini utakuwa umemwanzia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe afya ya kumuabudu kwayo. Amin.